Jaribio la dawa ya kansa ya umio: angalia kwanza lilimjaribu nani

Juni 2022 habari moja ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa kasi: kansa imepata dawa, wagonjwa wote wamepona. Habari yenyewe ilikuwa ya kweli, ila ilikatwa mkia. Hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York ilikuwa imetangaza matokeo ya wagonjwa 12 wa saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Walipewa dostarlimab, miligramu 500 kwenye mshipa kila baada ya wiki 3, kwa miezi 6. Wote 12 uvimbe ulitoweka, bila mionzi na bila kisu. Mwaka 2025 watafiti walewale walitoa hesabu ya wagonjwa 49 wa puru waliokamilisha dozi, na wote 49 hali ilikuwa hivyo hivyo.

Mkia uliokatwa ni huu: wagonjwa hao walichaguliwa kwa sababu seli za uvimbe wao zilikuwa zimepoteza uwezo wa kurekebisha makosa ya DNA, na ugonjwa wao ulikuwa haujasambaa mbali. Hitilafu hiyo ya DNA hupatikana kwa wagonjwa kama 5 hadi 10 kati ya kila 100 wa saratani ya puru. Mgonjwa asiye nayo hawezi kutarajia matokeo hayo kwa dawa hiyo peke yake. Maana yake ni kwamba kabla ya familia kuuza shamba kuifuata dawa ya namna hii, kuna kipimo kimoja cha maabara kwenye kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kilichokwisha kuchukuliwa ambacho kinajibu kama safari ina maana.

Nimeanza na puru kwa sababu mfano wake uko wazi, lakini ninachotaka kukizungumzia ni umio, bomba la chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ukanda wa saratani hii unapita kwetu: Ethiopia, Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi, hadi mashariki ya Cape huko Afrika Kusini. Na majaribio makubwa ya tiba yake karibu yote yamefanyika Ulaya, Marekani, Japani na China. Anayeyasoma kutoka Eldoret au Moshi lazima ajue ayasome vipi.

Jambo la kwanza ni kwamba saratani ya umio ni magonjwa mawili ndani ya kiungo kimoja. Moja huanza kwenye seli bapa zinazofunika ukuta wa umio, mara nyingi juu au katikati. Nyingine huanza kwenye seli za tezi, mara nyingi chini, pale umio unapoungana na tumbo. Hii huhusishwa na kiungulia cha miaka mingi na unene. Ulaya Magharibi na Marekani ile ya tezi ndiyo imetawala. Kwetu Afrika Mashariki zaidi ya 9 kati ya 10 ni za seli bapa. Kwa hiyo mtu akikuletea karatasi ya utafiti mpya, kabla ya kutazama miezi na asilimia, tafuta ni aina gani ya seli. Kama majibu ya kinyama cha mgonjwa wako yameandikwa "kansa ya umio" tu bila aina, rudi maabara uulize.

Chukua jaribio la CROSS la Uholanzi, lililotoka mwaka 2012. Ndilo lililoweka msingi wa tiba ya leo kwa uvimbe unaoweza kufanyiwa upasuaji. Wagonjwa 366 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likaenda upasuaji moja kwa moja, jingine likapewa dawa na mionzi kwanza. Ratiba ilikuwa hivi: dripu ya paklitakseli miligramu 50 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, pamoja na karboplatini ya kiwango cha AUC 2 (AUC ni kipimo cha dawa ambayo mwili unakutana nayo kwa jumla), mara moja kwa wiki, wiki 5. Sambamba na hizo, mionzi siku 5 kwa wiki, vipande 23 ambavyo kwa jumla vina nguvu ya grei 41.4 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Upasuaji ulifuata wiki kadhaa baadaye.

Matokeo: waliopasuliwa tu, nusu yao walikuwa hai miezi 24 baada ya kuingia kwenye utafiti. Waliotanguliziwa dawa na mionzi, nusu yao walikuwa hai baada ya miezi 49. Ukiishia hapo, umekosa kilicho muhimu kuliko vyote kwa msomaji wa huku. Kwenye kundi la tiba ya pamoja, umio ulipotolewa na kuchunguzwa maabara, haikukutwa hata seli moja hai ya saratani kwa asilimia 23 ya wenye aina ya tezi. Kwa wenye seli bapa ilikuwa asilimia 49. Yaani nusu. Saratani yetu inaitii mionzi na dawa kuliko ya kwao, ingawa wagonjwa wa seli bapa walikuwa chini ya robo ya waliojaribiwa. Walipofuatiliwa kwa muda mrefu, wa seli bapa waliopata tiba ya pamoja walifika nusu yao kwenye miezi 81.6, dhidi ya miezi 21.1 kwa waliopasuliwa tu.

Sasa linganisha na ESOPEC, jaribio la Ujerumani la wagonjwa 438, ambalo wengi walilipokea kama habari kwamba CROSS imepitwa. Mchanganyiko wa dawa 4 uitwao FLOT, bila mionzi, uliwafikisha nusu ya wagonjwa kwenye miezi 66, na CROSS miezi 37. Tofauti kubwa. Lakini ESOPEC iliwapokea wenye aina ya tezi peke yao. Kumnyima mgonjwa wa seli bapa mionzi kwa sababu ya ESOPEC ni kosa kubwa, na linaweza kutokea kirahisi kwa anayesoma kichwa cha habari tu.

Kwa seli bapa, jaribio la kulisoma ni lile la Japani liitwalo JCOG1109, wagonjwa 601. Lilipima njia 3 kabla ya upasuaji: sisiplatini na florourasili, hizo mbili pamoja na dosetakseli, au hizo mbili pamoja na mionzi. Baada ya miaka 3, walio hai walikuwa asilimia 62.6, 72.1 na 68.3 kwa mpangilio huo. Dosetakseli ilishinda, ila bei yake mwilini ni nzito: homa inayokuja wakati chembe nyeupe za damu zimeanguka iliwapata asilimia 16 ya waliopewa dawa 3, na asilimia 1 tu ya waliopewa 2. Homa hiyo haingoji kesho. Joto likifika nyuzi 38, mgonjwa anatakiwa kupata antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja ya kufika hospitali. Familia inayoishi saa 6 kwa basi kutoka hospitali yenye maabara ya damu ya usiku inapaswa kuifikiria namba hiyo 16 kabla ya kuitamani ile 72.

Vigezo vya kuingia ndiyo sehemu inayorukwa zaidi, na ndiyo ninayoisisitiza zaidi. CROSS ilichukua watu wa miaka 75 kushuka chini, uvimbe usiozidi sentimita 8 kwa urefu, na ambao hawajapoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wao. Mtu wa kilo 70 akishuka hadi 62, hakuingia. Wagonjwa wengi wa huku hufika wakiwa wameshamaliza hatua ya uji na sasa hata maji yanakwama. Kilo 10 au 15 zimekwenda zamani. Matokeo ya CROSS hayawahusu moja kwa moja mpaka walishwe kwanza. Hilo linawezekana: mpira wa kulishia kupitia ukuta wa tumbo, wiki 2 hadi 3 za chakula cha maji chenye nguvu na protini, kisha uzito na damu vipimwe upya. Kama upasuaji wa kuondoa umio bado unafikiriwa, muulizeni mpasuaji kabla ya mpira kuwekwa, kwa sababu tumbo ndilo atakalolivuta juu kutengeneza bomba jipya, na wapasuaji wengi wanapenda mpira uingie kwenye utumbo mwembamba ili tumbo libaki bila tundu.

Kukonda kunaharibu hata hesabu ya dozi. Karboplatini haipimwi kwa kilo; inapimwa kwa kazi ya figo. Kanuni ni: AUC unayoitaka, zidisha kwa jumla ya kiwango cha uchujaji wa figo na 25. Figo zikichuja mililita 75 kwa dakika, AUC 2 inakuwa 2 mara 100, yaani miligramu 200. Tatizo ni kwamba uchujaji hukadiriwa kutokana na kreatinini ya damu, na kreatinini hutoka kwenye misuli. Aliyekonda ana misuli kidogo, kreatinini yake inasoma chini, na hesabu inadanganya kwamba figo zake ni hodari. Ukiifuata kama ilivyo, unampa dozi kubwa kupita kiasi na chembe sahani zake, zile zinazogandisha damu, zinaanguka. Ndiyo maana itifaki nyingi huweka kikomo cha uchujaji wa 125, ambacho kwa AUC 2 ni miligramu 300, haidhuru karatasi ya maabara inasema nini.

Vigezo vingine vya kawaida: mgonjwa awe anajihudumia na kutembea, nyutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na bakteria) zisipungue 1,500 kwa kila mikrolita ya damu, chembe sahani 100,000, hemoglobini kama 9. Kipimo cha homa ya ini B ni lazima, maana virusi vilivyolala huamshwa na tibakemikali. Mwenye navyo huanzishiwa dawa ya kuvizuia kabla ya dripu ya kwanza. Wanaoishi na VVU walikuwa wakifungiwa mlango na majaribio mengi. Siku hizi baadhi huwapokea wanaotumia dawa vizuri na virusi vimeshuka, kwa hiyo usijiondoe mwenyewe, uliza. Na mitishamba isemwe yote. Vimeng'enya vya ini vikipanda katikati ya jaribio, mtafiti asiyejua kuhusu dawa ya kienyeji ataihesabu kuwa madhara ya dawa mpya, na mgonjwa anaweza kuondolewa kwenye tiba iliyokuwa inamfaa.

Tuje kwenye tibakinga, zile dawa zinazoondoa breki kwenye askari wa mwili. Kwa seli bapa zilizosambaa, jaribio kubwa ni CheckMate 648, wagonjwa 970, wote wa seli bapa. Kwa ambao uvimbe wao ulionyesha alama ya PD-L1, protini inayowafunga breki askari wa mwili, kwa asilimia 1 au zaidi, tibakemikali peke yake iliwafikisha nusu yao kwenye miezi 9.1, ikiongezwa nivolumab, miezi 15.4, nivolumab na ipilimumab bila tibakemikali, miezi 13.7. KEYNOTE-590, la wagonjwa 749 ambao nusu yao waliongezewa pembrolizumab kwenye tibakemikali, lilichanganya aina zote mbili na kupata miezi 12.4 dhidi ya 9.8, lakini kwa wenye seli bapa na alama ya PD-L1 ya 10 kwenda juu (kwa kipimo cha CPS, si asilimia), ilikuwa 13.9 dhidi ya 8.8.

Hizo ni faida za miezi, na daktari mwaminifu atazitaja kama miezi. Namba ya katikati hata hivyo haisemi yote. Katika CheckMate 648, mstari wa waliopewa nivolumab na ipilimumab ulikuwa chini ya ule wa tibakemikali katika miezi ya mwanzo, kisha ukaupita. Huenda waliokuwa na uvimbe unaokua haraka walikufa kabla tibakinga haijaanza kufanya kazi. Mgonjwa ambaye umio umebaki tundu la sindano hana nafasi ya kusubiri, na ingawa wazo la kukwepa tibakemikali linavutia, kwake tibakemikali ndiyo itakayofungua njia mapema. Huu ndio undani ambao asilimia haziuonyeshi. Tazama mchoro wa mistari wenyewe, uone inapoachana.

Madhara ya tibakinga nayo ni ya namna yake. Kuhara mara 4 hadi 6 zaidi ya kawaida kwa siku kwa mtu aliye kwenye nivolumab kunaweza kuwa askari wa mwili wanaoshambulia utumbo wenyewe. Dawa ya kufunga tumbo ya duka la dawa itaficha dalili huku utumbo ukielekea kutoboka. Tiba ni steroidi, zipunguzwe polepole kwa wiki 4 au zaidi, na anayeamua ni timu ya jaribio. Kikohozi kipya, macho ya njano, uchovu usioelezeka: vivyo hivyo. Vinaweza kutokea hata miezi baada ya dripu ya mwisho, kwa hiyo kadi ya jaribio yenye namba ya simu ya saa 24 ibaki kwenye pochi, na kituo cha afya cha jirani kionyeshwe kadi hiyo kabla hakijaandika dawa yoyote.

Kuna jaribio jingine la Uholanzi, SANO, linalovutia mno na linaloweza kutumiwa vibaya. Liliuliza: ikiwa dawa na mionzi vimefuta uvimbe, kuna haja ya kuutoa umio? Wagonjwa 309 ambao vipimo havikuona saratani wiki 12 hivi baada ya tiba waliwekwa ama kwenye upasuaji ama kwenye ufuatiliaji. Baada ya miaka 2 walio hai walikuwa asilimia 74 kwenye ufuatiliaji na 71 kwenye upasuaji. Unaweza kusema basi tuache kupasua. Lakini "ufuatiliaji" hapo ulikuwa kamera, kuchukua vinyama mara mbili mahali pale pale ili kufika chini ya utando, ultrasaundi ya ndani ya umio kwa ajili ya mitoki, na PET-CT (picha ya mwili inayomulika saratani iliyo hai), kwa ratiba iliyoanza na kila miezi 3. Kwa wengi uvimbe ulirudi, na waliorudiwa walipasuliwa mapema kwa sababu ulionekana mapema. Ukichukua nusu ya kwanza ya jaribio na kuacha hiyo ratiba, hujafanya SANO. Umemwacha mgonjwa bila tiba ya pili.

Wengi wa wagonjwa wetu hawafiki hata kwenye swali hilo, kwa sababu ugonjwa umekwisha kwenda mbali. Kwao jaribio lenye thamani linahusu kumeza. Mwaka 2004 Waholanzi walilinganisha stenti, yaani mrija wa nyaya za chuma unaojipanua wenyewe ndani ya umio, na mionzi ya ndani ya dozi moja ya grei 12, kwa wagonjwa 209. Stenti ilifungua njia haraka zaidi. Mionzi ilichelewa lakini nafuu yake ilidumu na matatizo yake yalikuwa machache. Aliyebakiwa na wiki chache anafaidika na stenti, mwenye miezi mbele yake anafaa kufikiria mionzi. Baadaye Waingereza, kwa jaribio la ROCS, waliongeza mionzi ya nje kwa wenye stenti: haikuzuia kukwama kwa chakula kurudi, ila ilipunguza kutoka damu. Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, imewawekea mamia ya wagonjwa stenti hizi kwa kamera tu, bila mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji, na kuandika matokeo yao ili wengine wajifunze. Huo nao ni utafiti wa tiba, na kwa maoni yangu ni wa maana kwa mwanakijiji wa Bonde la Ufa kuliko nusu ya dawa zinazotangazwa kila Juni kwenye mkutano wa madaktari wa saratani huko Chicago.

Unatafutaje jaribio lililo wazi? Sajili mbili zinatosha kuanzia: ClinicalTrials.gov ya Marekani, na sajili ya Afrika, PACTR, inayoendeshwa kutoka Cape Town. Chuja kwa nchi na kwa hali ya kupokea wagonjwa, kisha shuka hadi kwenye vigezo. Jaribio halali nchini Tanzania lina kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kenya, kamati ya maadili ya taasisi, NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na Bodi ya Famasi na Sumu. Namba za vibali ziwe kwenye fomu ya ridhaa. Atakayekutoza pesa ya dawa inayojaribiwa, ondoka.

Fomu ya ridhaa isomwe nyumbani, na asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti. Ulizeni hasa haya: ni awamu ya ngapi, maana awamu ya 1 inatafuta dozi salama kwa makundi madogo na awamu ya 3 inalinganisha na tiba iliyozoeleka, nikiangukia kundi lisilopewa dawa mpya napata nini, nani analipa CT-Scan, nauli na malazi, nikiumizwa na dawa nani ananitibu, na jaribio likiisha huku dawa inanisaidia, nitaendelea kuipata? Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti, linataka swali hilo la mwisho lipangwe kabla jaribio halijaanza, si baada.

Kipindi cha kuchuja nani aingie kwenye jaribio mara nyingi ni siku 28, na ndani yake vipimo vyote viwe vimekamilika. Kinachowaangusha watu hapo mara nyingi ni kinyama. Uvimbe wa umio uchukuliwe vipande 6 hadi 8, vitiwe mara moja kwenye formalini ya asilimia 10, visikae humo zaidi ya siku 3 kabla ya kutengenezwa. Vikilala wiki nzima vikisubiri basi la kwenda maabara ya rufaa, alama kama PD-L1 hazisomeki vizuri na kamera inabidi irudiwe. Maabara huvigandisha kwenye nta kuwa bloku, na bloku hukaa miaka. Slaidi zilizokatwa zamani hupoteza ubora, kwa hiyo mnapohamishia faili hospitali nyingine ombeni bloku yenyewe kwa maandishi, pamoja na ripoti yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye bloku.